Kuacha Kusema "Njoo Kesho": Mwongozo Kamili wa Kutafuta Mahali Kazi Inapokwama

Kila anayeshonesha nguo anayajua haya. Unafika kwa fundi Ijumaa, siku aliyokutajia mwenyewe, unakuta kitambaa kimekunjwa vilevile ulivyokiacha. "Njoo kesho." Kesho ukifika, shati limeshonwa ila halina vifungo. "Njoo jioni."

Mimi ni fundi, nina karakana ya sare za shule, na neno hilo nimelisema mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nililisema kwa mama mmoja aliyekuja Jumapili jioni na mwanawe mkononi, shule zinafunguliwa kesho yake. Hakunigombeza. Alimgeukia mtoto akamwambia, "Basi utavaa la mwaka jana," wakaondoka. Shati la yule mtoto lilikuwa ndani, hatua chache kutoka pale niliposimama, limefukiwa kwenye rundo la mashati 240. Yote yalikuwa yameshonwa, yanasubiri matundu ya vifungo.

Nilikuwa nalaumu umeme, nalaumu uvivu. Lakini mafundi wangu hawakuwa wavivu. Karakana nzima ilikuwa inatoka jasho, na jasho lenyewe liliishia kwenye rundo. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo: mwenye karakana, hoteli ya chakula, zahanati au ofisi, ambaye watu wake wanachoka kila siku na wateja wanaendelea kulalamika.

Wazo lenyewe

Nenda Magogoni, Dar es Salaam, asubuhi, utazame watu wanaovuka kutoka Kigamboni. Ukileta daladala mia zaidi upande ule, hakuna atakayefika Posta mapema. Ukiongeza wakata tiketi, foleni inahama tu kutoka dirishani kwenda kwenye banda la kusubiria. Idadi ya watu wanaovuka kwa saa inaamuliwa na kivuko: kinabeba wangapi, kinakwenda na kurudi mara ngapi, kinasimama bure dakika ngapi. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, ndipo magari yalipopata njia ya kuvuka bila kukisubiri.

Kila kazi inayopita mikononi mwa watu kadhaa ina kivuko chake. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israel aliyegeukia mambo ya viwanda, aliyapanga mawazo haya kuwa hatua tano katika miaka ya 1980: tafuta kizuizi, kitumie kikamilifu, wengine wote wafuate mwendo wake, kisha kiongezee uwezo, na kikihama anza upya. Nimezifuata hatua zake, nikaongeza nilizojifunza kwa kuumia. Wataalamu husema kizuizi. Karakanani kwetu tunasema "panapokwama", na kila mtu anaelewa.

Hatua ya 1: Jua mteja ananunua nini hasa

Usianze na mashine. Anza na daftari na watu kumi walionunua kwako, pamoja na wawili watatu walioacha kuja. Hao walioacha ndio wenye somo la kukufundisha. Waulize mara ya mwisho walikasirika kwa sababu gani, na nini kingewafanya waende kwa fundi mwingine hata kama bei yako ni nafuu.

Wazazi waliniambia mambo matatu. Sare iwe tayari kabla shule hazijafunguliwa. Iwe kamili, kwa sababu mtoto haendi shule na sketi mpya bila shati. Na imtoshe mwaka mzima, ndiyo maana wanasisitiza pindo refu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina cherehani ngapi.

Kutokana na majibu hayo, chagua namba moja ya kuhesabu kila siku. Yangu ni mashati yaliyotoka mlangoni, yamekamilika na yamelipiwa. Shati lisilo na vifungo halihesabiwi. Tuliiandika kwa chaki ukutani kila jioni, na jioni ya kwanza ilisomeka 20. Mafundi walishangaa, kwa sababu siku hiyohiyo walikuwa wameshona mashati 40.

Hatua ya 2: Tafuta panapokwama

Kwanza tumia macho. Pita karakanani saa nne asubuhi na saa kumi jioni, siku tatu mfululizo, uangalie kazi imelala wapi. Rundo la siku moja halitoshi kuwa ushahidi. Huenda mtu aliumwa, au mzigo mkubwa umeshushwa kwa mkupuo. Rundo linalokua kila siku mbele ya mtu yuleyule ndilo la kufuata. Angalia pia nani anakaa bila kazi: mara nyingi yuko hatua inayofuata baada ya panapokwama. Kwangu alikuwa mpiga pasi, ambaye mchana alikuwa anasoma gazeti, nami nilikuwa namkasirikia bure.

Pili, sikiliza. Mteja akija kudai, ni jina la nani linaloitwa kwa sauti?

Tatu, pima. Hapa watu wengi huona uvivu, nami nakusihi usiruke. Chukua saa, kaa kando ya kila mtu, andika anamaliza kazi ngapi kwa siku yenye kazi ya kutosha. Kwetu, kwa mashati peke yake, ilikuwa hivi:

- Kukata: mashati 60 kwa siku
- Ovaloki (kufunga kingo za kitambaa zisifumuke): 70
- Kushona, mafundi 5, kila mmoja 8: 40
- Matundu na vifungo, mtu 1: 25
- Pasi na ukaguzi: 50

Ile 25 inatoka wapi? Shati lina matundu saba. Dada wa matundu alitumia dakika 2 kuweka alama za chaki, 9 kupiga matundu na kuyafungua, 8 kushikiza vifungo kwa mkono, na 2 kukata nyuzi. Jumla dakika 21. Siku yetu ni ya saa 9, yaani dakika 540. Gawanya kwa 21, unapata mashati 25 na kidogo, nayo ni siku asiyoinua kichwa. Halisi alitoa 20.

Nilipoandika namba hizi ndipo niliposhikwa na aibu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekopa fedha nikanunua cherehani ya tano. Kabla ya hapo mafundi wanne walikuwa wanashona mashati 32 kwa siku, na bado yalikuwa yanatoka 20. Mkopo wote ule ulininunulia rundo kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Kitumie kikamilifu kabla hujatoa senti

Dada yule alikuwa na uwezo wa mashati 25, akatoa 20. Tofauti ya mashati 5 ni dakika 105 zinazopotea kila siku. Nilikaa kando yake siku nzima na daftari nione zinakwenda wapi.

Dakika 40 zilikwenda kwenye kutafuta. Mteja akija kugomba, tulikuwa tunamwambia yeye aache mashine, afukue rundo, alitafute shati la huyo mteja. Kumbe rundo lenyewe lilikuwa linamla muda. Dakika 25 nilimpotezea mimi: nikipima wateja namwita aje aniandikie vipimo, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Dakika 20 zilikwenda kwenye kubadilisha uzi, mweupe, bluu, kaki, mweupe tena, kwa sababu kazi zilimfikia kwa kuchanganywa. Na dakika 20 zilizobaki alizitumia kwenye shati ambalo kola yake ilikuwa imepinda, likaja kugunduliwa kwenye pasi na kufumuliwa.

Tulichofanya hakikutugharimu kitu. Kijana anayejifunza kazi ndiye sasa anayeandika vipimo. Mashati yanakaguliwa kola na mikono kabla ya kufika kwake, kwa sababu shati bovu likipita pale limekula muda ambao hauwezi kurudi. Rangi moja inamalizwa ndipo inakuja nyingine. Uzi na sindano za akiba vinakaa kwenye kikopo kando ya mashine yake. Kuna kapu lenye kazi ya saa mbili, iliyokaguliwa, mkono wake wa kushoto. Na mteja akija kugomba, anagomba na mimi.

Hapa nina jambo la kusisitiza. Kukitumia kizuizi kikamilifu maana yake si kumkamua mtu. Tulimhamishia mashine dirishani apate mwanga, tukampa kiti chenye mgongo, na akienda kula kijana anashika nafasi. Ukimfokea mtu aliyebeba karakana nzima, ataumwa au ataondoka, na utaondoka naye.

Ukitaka watu wakuelewe, waonyeshe bei ya saa. Tuseme shati linauzwa 15,000. Kitambaa, uzi na vifungo 6,000, ushonaji 2,000, inabaki 7,000 ya kulipia pango, umeme, mishahara mingine na faida. Saa moja ya dada wa matundu ni dakika 60 gawanya kwa 21, karibu mashati 3, yaani kama shilingi 20,000. Saa hiyo ikipotea imepotea kwa karakana nzima. Saa ikipotea kwenye cherehani moja kati ya tano, huku kuna rundo la mashati 240 mbele, hasara kwa mteja ni sifuri. Sikuwahi kufikiria kwamba saa mbili katika chumba kimoja zinaweza kuwa na bei tofauti hivyo.

Hatua ya 4: Wengine wote wafuate mwendo wake

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndipo wengi wanaporudi nyuma. Kimantiki ni rahisi. Ikiwa mashati 25 tu yanaweza kupigwa matundu, hakuna sababu ya kushona 40. Yale 15 ya ziada ni kitambaa kilichokatwa na pesa iliyolala, nayo yanaziba njia. Mafundi wapunguze kushona, na muda unaobaki wamsaidie aliyekwama.

Nikawaambia hivyo asubuhi moja. Kimya. Kisha fundi mmoja, mtu mzima, mtaratibu, aliyekuwa nami tangu mwanzo, akaweka mkasi chini akasema: "Bosi, mashine ikilala, na mimi nalala njaa."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nawalipa kwa kipande, shilingi 2,000 kwa kila shati lililoshonwa. Mashati 8 ni 16,000 mkononi jioni. Fundi anayeshona mfululizo bila kujali rundo alikuwa anafanya hasa kile nilichomlipa afanye. Hesabu yake ilinikalia vibaya usiku ule: kila siku nilikuwa natoa 80,000 kwa ushonaji wa mashati 40, na 20 tu ndiyo yaliyoleta pesa. Shilingi 40,000 kila siku zilikuwa zinakwenda kulipia mashati yaliyolala sakafuni. Panapokwama palikuwa kwenye matundu, ila kilichopafanya pazidi kukwama ilikuwa kanuni niliyoitunga mwenyewe.

Kwa hiyo chunguza unavyolipa watu kabla hujawaomba wabadilike. Sisi tulibadilisha hivi. Kila fundi cherehani ana ujira wa siku wa 10,000, shati liwepo lisiwepo. Halafu kila shati linalotoka mlangoni likiwa kamili linaweka 2,000 kwenye chungu kimoja, na jioni chungu kinagawanywa sawa kwa watu wote 9: mkataji, wa ovaloki, mafundi watano, dada wa matundu na mpiga pasi. Siku ya mashati 36, chungu kina 72,000, kila mtu anapata 8,000. Fundi anaondoka na 18,000 badala ya 16,000. Mimi nimelipa zaidi, lakini nimeuza mashati 16 zaidi ya zamani, na kila moja linaingiza 9,000 juu ya bei ya kitambaa na vifaa. Usichukue namba zangu kama zilivyo, piga hesabu ya kwako. Ila usimwombe mtu akusaidie kwa hasara yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Kati ya zile dakika 21, kazi ya lazima ya mashine ya matundu ni 9 tu. Alama, vifungo na nyuzi, dakika 12, anaweza kuzifanya mtu yeyote mwenye sindano na macho mazuri. Mkataji ana uwezo wa mashati 60 na yanahitajika 36, kwa hiyo ana zaidi ya saa tatu za nafasi kila siku. Mpiga pasi ana saa mbili na nusu. Hao wawili wanashikiza sehemu kubwa ya vifungo, mafundi wanamalizia. Dada wa matundu anapiga matundu tu.

Wiki ya tatu ubao ulisomeka 36. Hatukuwa tumenunua hata sindano moja mpya, ukiacha za akiba.

Bado itabidi ujizoeze kuona mtu amekaa. Mkataji akimaliza mashati yake 36 na vifungo vyake, akae, afagie, amfundishe kijana kusoma futi, apumzike. Ukimwona amekaa ukamwambia "kata basi hata ya kesho", umeanza kujenga rundo upya. Mimi mwenyewe hunichukua nguvu kunyamaza.

Hatua ya 5: Weka kikomo mlangoni, kisha toa ahadi

Sasa tunafika kwenye "njoo kesho" yenyewe.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo fundi yeyote anaweza kuitumia: gawanya kazi iliyomo ndani kwa kazi inayotoka kwa siku, utapata kwa wastani siku ambazo kila kazi itakaa ndani. Sisi tulikuwa na mashati 240 ndani, yanatoka 20 kwa siku. Siku 12. Mteja anakuja Jumatatu, namwambia Ijumaa. Ahadi ile ilikuwa uongo tangu inatoka mdomoni, hata kama nilikuwa na nia njema, hata kama tungekesha.

Ukitaka siku zipungue, punguza kilichomo ndani. Tuliweka kikomo cha mashati 108, yaani kazi ya siku 3 kwa mwendo wa 36. Kitambaa hakikatwi mpaka mashati yametoka mlangoni. Kila bando la mashati 12 lina kipande cha kadibodi chenye namba, na tuna kadibodi 9 tu. Bando likitoka, kadibodi inarudi kwa mkataji, naye ndipo anapogusa mkasi. Hana kadibodi, hakati. Njia hii haitaki kompyuta wala kikao.

Vitambaa vinavyosubiri vinakaa kabatini, havijakatwa, kwa foleni ya daftari. Utauliza: si ni kusubiri kulekule? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kitambaa kisichokatwa hakipotei kwenye rundo, mzazi akirudi kesho yake kusema mtoto ni wa kidato cha kwanza si darasa la saba bado kinabadilika, na kosa la vipimo linaonekana baada ya siku 3 badala ya 12.

Tarehe ya ahadi inapatikana hivi: hesabu mashati yote yaliyo mbele ya mteja, ya ndani na ya kabatini, gawanya kwa 36, ongeza siku 2 za akiba kwa ajili ya umeme na dharura. Mashati 300 mbele yake ni siku 8 na kidogo, weka 9, jumlisha 2, ni siku 11 za kazi. Mwambie siku ya 11. Wengine watanuna. Wachache wataondoka. Waliobaki watakuja siku uliyowaambia, watakuta sare imekunjwa na imeandikwa jina.

Na kuna siku ya kufunga daftari. Zikibaki siku 15 za kazi kabla ya shule kufunguliwa, uwezo wetu ni mashati 540. Tunaacha akiba ya 60. Likiandikwa la 480, tunamwambia anayefuata: "Mama, kabla ya kufungua hatutaweza. Yule fundi wa kona ana nafasi." Mara ya kwanza ulimi uliniwia mzito. Lakini mzazi aliyeambiwa hapana akiwa bado na wiki mbili ana pa kwenda. Yule niliyemwambia njoo kesho Jumapili jioni hakuwa na pa kwenda.

Hatua ya 6: Chagua kazi kwa kipimo cha panapokwama

Hii inakuhusu ukiwa na kazi nyingi kuliko uwezo. Watu hupendelea kazi yenye faida kubwa kwa kipande. Tuseme shati linabakiza 7,000 na sketi 5,000. Shati linaonekana bora. Sasa gawanya kwa dakika zinazoliwa pale panapokwama. Wakati ule shati lilikula dakika 21: shilingi 333 kwa dakika. Sketi ina kifungo kimoja kiunoni, dakika 3: shilingi 1,667 kwa dakika, mara tano ya shati.

Je, tushone sketi tu? Hapana, na hapa ndipo hesabu lazima irudi kwa mteja wa hatua ya 1. Mzazi ananunua sare kamili. Ukimpa sketi ukamnyima shati, umempa safari ya pili. Kipimo hiki kinafaa zaidi kwenye kazi za pembeni: wakati ule kikundi kikileta mashati ya harusi yenye vifungo kumi na tatu wiki ya mwisho ya Desemba, nilipaswa kujua kwamba shati moja lao linakula muda wa shati moja na nusu hadi mawili ya wanafunzi.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo ununue

Ona kununua kumekaa mbali kiasi gani na mwanzo. Baada ya hatua ya 3 na 4, mashine ya matundu iliweza mashati 60 (dakika 540 kwa 9). Kama ningekimbilia mashine ya pili ya matundu siku nilipogundua kizuizi, ningekuwa nimenunua tena kitu kisichohitajika.

Ukifika mahali umekamua dakika zote na bado wateja wanazidi, pima upya kabla ya kukopa. Uliza maswali mawili: nikiongeza hapa, ni nani atakayekuwa wa pili kwa kubana, na kwa namba ngapi? Kwetu jibu lilikuwa kushona, 40. Kwa hiyo mashine yoyote ya kupiga matundu ya mashati 120 ingetupa mashati 4 zaidi kwa siku, basi.

Kama kazi yako si karakana

Zahanati: usiangalie urefu wa foleni ya mapokezi pekee. Fuata mgonjwa mmoja tangu anaingia hadi anapata dawa, na uandike kila anapokaa. Mara nyingi daktari ni mmoja, na nusu ya muda wake unakwenda kuandika vitu ambavyo muuguzi angeweza kuandika kabla: uzito, joto, shinikizo la damu, dalili za mwanzo. Yale ni vifungo vya daktari.

Hoteli ya chakula: mchana kizuizi huwa jiko la wali au meza za kukalia, na dawa zake ni tofauti kabisa. Pima kwanza.

Ofisi: mara nyingi ni sahihi ya bosi. Mafaili yamejaa mezani kwake, yeye yuko kikaoni. Akigawa sahihi za mambo madogo kwa wasaidizi wake, mwananchi anapata kibali chake mapema kuliko ukimletea kompyuta kumi.

Hatua ya 8: Kizuizi kikihama

Kitahama, tena bila kukuaga. Kwetu kilihamia kwenye kushona mwezi Januari. Kapu la dada wa matundu likaanza kuwa tupu saa nane mchana, na huyo sasa ndiye aliyechukua vifungo vilivyokuwa vinamaliziwa na mafundi, wao wasiguse tena. Kanuni za jana lazima zivunjwe: kama tungeendelea kumlinda yeye na kuwapa mafundi vifungo, tungekuwa tunaiba dakika pale zinapouma.

Kisha Machi ilipofika, kadibodi zote 9 zilikuwa zinaning'inia ukutani. Kabati tupu. Mashati 40 yanaweza kutoka, yanaagizwa 10. Panapokwama palikuwa nje ya mlango, kwa wateja, na huko hakuna dakika ya mashine inayosaidia. Maswali ya hatua ya 1 yakarudi mezani. Wazazi wananunua Januari kwa sababu ndipo wanapokumbuka, na pia ndipo wanapokuwa hawana fedha, ada na madaftari vimewabana. Tukaziendea shule za karibu, tukaomba kuwapima watoto hukohuko shuleni mwezi Oktoba, mzazi alipe kidogokidogo hadi Desemba, sare ikabidhiwe kabla ya Krismasi. Shule mbili zilikubali mwaka wa kwanza. Vitambaa vyao vilianza kukatwa Novemba, bando kwa bando, mkataji akiwa na kadibodi mkononi.